Nalia haraka mno: nifanyeje niwe na moyo mgumu?

SWALI: "Mimi ni mama wa miaka 32, naishi Kigoma mjini na ninafanya biashara ya dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inaposhusha samaki. Tangu utotoni nalia haraka. Mtu akinijibu vibaya naumia siku mbili. Nikisikia msiba wa mtu nisiyemjua nakosa hamu ya kula. Mume wangu akipaza sauti kidogo tu, usiku silali, nayarudia maneno yake mpaka alfajiri. Mwezi uliopita mteja alinirudishia ndoo ya dagaa mbele za watu, akasema wana mchanga na mimi ni tapeli. Nilitetemeka, nikalia palepale, halafu nikakaa siku tatu bila kukanyaga mwaloni. Mawifi zangu wananiita Bibi Machozi. Mama mkwe anasema ni mashetani, kwa sababu wakati wa mbalamwezi huwa napata nafuu na giza likirudi nalia tena. Rafiki yangu amesoma kwenye simu akaniambia huo ni ugonjwa wa bipola. Duka la dawa wamenipa vidonge vya kutuliza, diazepamu, navitumia kwa wiki ya pili sasa. Binti yangu wa miaka 7 naye ameanza kuwa kama mimi. Nifanyeje niwe na moyo mgumu kama wenzangu?"

JIBU: Pole sana dada. Naona mzigo wako si machozi peke yake, ni majina pia. Mawifi wamekupa lao, mama mkwe lake, rafiki lake, na muuza dawa hakuuliza jina, akafungasha vidonge. Nitayapitia yote, ila nianze na ombi lako la mwisho, kwa sababu ndilo lililobeba mengine.

Moyo mgumu siwezi kukupa. Kuguswa haraka ni umbile lako, umeishi nalo tangu utotoni na utazeeka nalo. Lakini kuguswa ni jambo moja, na kukaa siku tatu bila kwenda mwaloni ni jambo jingine. Kukesha ukiyarudia maneno ya mtu mpaka alfajiri nako ni jambo jingine. Hayo mawili si umbile, ni mambo yanayofuata baada ya kuguswa, na ndiyo yanayokumaliza. Habari njema ni kwamba ndiyo pia yanayobadilika. Kwa hiyo katika jibu hili lote sitakufundisha kutoumia. Nataka uumie saa moja badala ya siku tatu.

Kwanza tuliondoe la ugonjwa. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Marekani, Elaine Aron, pamoja na mumewe Arthur Aron, walichapisha utafiti kuhusu watu ambao mfumo wao wa fahamu hupokea mambo kwa kina kuliko wengine: sauti, mwanga, harufu, sura ya mtu aliyekasirika, huzuni ya jirani. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba sote tuko kwenye ngazi moja, takriban watatu kati ya kumi wakiwa juu kama wewe, watatu chini kabisa, na waliobaki katikati. Utafiti wa mapacha uliotoka mwaka 2020 ulikadiria kuwa karibu nusu ya tofauti hiyo kati ya watu hutokana na kurithi. Hali hiyo haimo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Wapo wataalamu wanaobisha, wanasema ni tabia ya wasiwasi iliyojulikana zamani ikapewa jina jipya. Ubishi huo una maana yake vyuoni, lakini kwako wewe haubadilishi jambo: ukikaa mwaloni na wachuuzi kumi, kuna uwezekano mkubwa kwamba wawili watatu ni kama wewe, ila wao wanalilia nyumbani.

Bipola ni kitu tofauti kabisa, na nasikitika jinsi neno hilo linavyotumika ovyo siku hizi. Mtu mwenye bipola hapandi na kushuka mara tano kwa siku kulingana na nani kamjibu nini. Hupitia vipindi. Kuna kipindi cha kupanda kinachoendelea kwa siku nne, wiki au zaidi, mtu analala saa mbili au tatu na bado ana nguvu kama simba, anaongea bila kituo, anajiona anaweza lolote, anatapanya fedha, anaingia mikopo isiyoeleweka. Kisha huja vipindi vya kuzama. Katika ujumbe wako kila wimbi lina sababu unayoijua, na hakuna kipindi cha kupanda. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini nilichokisoma hakifanani na bipola. Kama kuna kipindi cha namna hiyo hukukitaja, mwambie daktari utakayemwona.

Sasa nikueleze kinachotokea mwilini, maana ukikielewa hutajilaumu sana. Ndani ya ubongo, kila upande, kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayoitwa amigdala. Kazi yake ni kutambua hatari kabla hujapata muda wa kufikiri. Yule mteja alipopaza sauti, amigdala yako haikusubiri kujua kama dagaa wana mchanga kweli. Ilituma taarifa, tezi zilizo juu ya figo zikamwaga adrenalini, mapigo ya moyo yakapanda, mikono ikatetemeka, koo likakaba, machozi yakaja. Haya yote yalitokea kwa sekunde chache. Nyuma yake huja homoni nyingine, kotisoli, ambayo hupanda polepole na huweza kuchukua saa nzima au zaidi kushuka. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima na kusema "hili ni dogo", lakini hufika ikiwa imechelewa, na mtu akiwa amechoka huchelewa zaidi.

Sufuria ya maharage ukiiepua huendelea kutokota kwa muda ingawa chini yake hakuna moto. Ndivyo mwili wako ulivyokuwa baada ya yule mteja kuondoka, na ungeachwa ungepoa wenyewe. Lakini usiku ukayachukua maneno yake, "wewe tapeli", ukayasikiliza upya, ukafikiria ungemjibu nini, ukawaona waliokuwa wanatazama. Kila mara ulipofanya hivyo uliirudisha sufuria jikoni, kwa sababu mwili huitikia hata tusi linalokumbukwa kwa makini, si linalotamkwa tu. Wenye moyo mgumu unaowaonea wivu wengi wao walitokota pia. Wao walikwenda kuuza ndoo nyingine.

Basi ufanye nini wimbi likija? Kwa dakika zile za mwanzo usijaribu kufikiri, mwili ndio wa kushughulikiwa. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, urudie kwa dakika tatu hadi tano. Hii si mbwembwe. Unapotoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, neva inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni, vagasi, huyapunguza mapigo. Maji ya baridi usoni yanafanya kazi hiyohiyo, na wewe ziwa liko hatua chache kutoka unapokaa. Mtu anayenawa uso mwaloni hakuna atakayemshangaa.

Mwili ukitulia kidogo, taja unachokisikia kwa maneno mafupi, kwa sauti ya chini au kwa kuandika: "Nina aibu. Nina hasira. Naogopa kupoteza wateja." Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu wanapotaja hisia kwa jina, shughuli za amigdala hupungua na zile za sehemu ya mbele huongezeka. Kusema "najisikia vibaya tu" hakusaidii sana. Aibu ina dawa yake, hasira ina yake, na woga wa kupoteza wateja ni hesabu ya biashara ambayo unaweza kuipiga.

Kwa yale mawazo ya usiku, jaribu jambo ambalo mwanzoni utaliona la ajabu. Yatengee muda mchana, robo saa, labda saa kumi jioni ukiwa umekaa mahali pamoja, si kitandani. Ukifika muda huo waza utakavyo, andika hata matusi. Yakija usiku yaambie "kesho saa kumi", na kama hayasikii, inuka, kaa sebuleni bila simu mpaka usingizi urudi. Kitanda kikizoea kuwa mahakama, kila ukilala kesi itafunguliwa.

Nifike kwenye la mwezi, ambalo kwangu ndilo jambo muhimu kuliko yote uliyoandika. Mama mkwe wako ameona kitu cha kweli. Nafuu wakati wa mbalamwezi, kilio giza likirudi; sina sababu ya kumbishia. Ninachombishia ni sababu. Wewe mwenyewe unajua dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, vipe, vile vyombo vya kuvulia dagaa, vinalala ufukweni. Sasa jiulize unalala saa ngapi wakati wa giza. Hukuniambia, lakini wachuuzi wa Kibirizi ninaozungumza nao huniambia saa tano usiku ndiyo wanamaliza kazi za nyumbani, na saa tisa na nusu au kumi alfajiri wameshaamka kuwahi mitumbwi inayorudi. Hizo ni saa nne na nusu au tano, usiku baada ya usiku, kwa wiki mbili tatu. Mbalamwezi ikija, unalala mpaka kunapambazuka, na mashetani yanaondoka.

Mwaka huohuo wa 2007 watafiti wengine wa Marekani waliwakesheza vijana wenye afya kwa saa zipatazo 35, kisha wakawaonyesha picha za kuchukiza huku wakipiga picha ubongo wao. Amigdala za waliokesha ziliitikia kwa nguvu zaidi kwa asilimia 60 kuliko za waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo yalikuwa yamelegea. Hao walikuwa watu wa kawaida. Mtu aliyezaliwa na ngozi nyembamba ya moyo akikosa usingizi, usishangae ndoo moja ya dagaa ikamliza.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani, kwa miezi miwili andika kila siku mambo matatu tu: umelala saa ngapi, umelia au hukulia, na siku zako za hedhi. La hedhi naliongeza kwa makusudi. Mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, na mzunguko wa wanawake wengi unakaribia hapo, hivyo mambo mawili yanaweza kuonekana kama moja. Wapo wanawake ambao wiki moja kabla ya hedhi huzama kabisa, wanalia, wana hasira, kisha siku mbili tatu baada ya damu kuanza wanarudi sawa. Hali hiyo inatambulika hospitalini na ina tiba. Kalenda itasema ni usingizi, ni hedhi, au ni vyote.

Wakati huohuo uibe usingizi popote unapoupata. Wakati wa giza lala saa tatu usiku hata kama vyombo vimebaki, na mchana dagaa wakiwa vichanjani lala nusu saa. Tafuta mwenzako mmoja mpokezane, siku moja yeye apokee mzigo wa wote wawili, siku nyingine wewe. Najua kuna watakaosema wewe mvivu. Kati ya vitu vyote nilivyokuandikia, kama ungekuwa na nguvu ya kufanya kimoja tu, ningekuomba ufanye hiki.

Kuhusu mashetani sina neno kali. Dua, kisomo, maombi, huwatuliza watu wengi, na kukaa na watu wanaokuombea mema ni faraja ya kweli. Ila ukiambiwa uache dawa za hospitali, au utoe fedha usizonazo, au ufungwe, upigwe, ufukizwe mpaka ukose pumzi, ondoka.

Diazepamu nayo tuizungumze bila kufichana. Ni dawa halali, ina kazi zake, lakini haikutakiwa kuuzwa bila cheti cha daktari na haikutengenezwa kwa ajili ya kumfanya mtu asilie. Inatuliza kwa saa chache. Mwili huizoea haraka, ndani ya wiki chache, ukaanza kudai zaidi, na ukiikosa wasiwasi na kukosa usingizi hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, mtu akadhani ugonjwa umezidi. Kwa kawaida daktari huiandika kwa siku chache, na haitakiwi kupita wiki mbili hadi nne. Wewe uko wiki ya pili. Usinunue tena, na usimalize kwa kuitupa leo hii bila kumwambia mtu: nenda kituo cha afya na kopo lako, waulize namna ya kuipunguza. Wale waliotumia kwa miezi wakikata ghafla wanaweza kupata degedege. Usiichanganye na pombe kabisa, na usinywe kisha ukapanda mtumbwi.

Tumrudie yule mteja. Alisema mambo mawili, wewe ukayasikia kama moja. Dagaa wana mchanga: hilo lina jibu la ndiyo au hapana. Chota konzi moja, weka kwenye bakuli la maji, tikisa, tazama chini. Kama kuna mchanga, basi umenunua kwa mtu anayeanika chini ufukweni, na wiki ijayo nunua kwa anayeanika juu ya kichanja hata kama bei imepanda kidogo. La pili, kwamba wewe ni tapeli, si habari ya dagaa, ni hasira ya mtu aliyetoa fedha yake. Watu wenye umbile lako huchukua la pili wakaliacha la kwanza. Jizoeze kinyume.

Na zile siku tatu. Ulipobaki nyumbani ulipata ahueni, sivyo? Hiyo ahueni ndiyo mtego wenyewe. Ubongo ulijifunza kwamba mwaloni ni hatari na kutokwenda ndiyo salama, hivyo siku ya nne ikawa ngumu kuliko ya pili. Safari nyingine rudi siku hiyohiyo au kesho yake, hata kwa saa moja, hata bila kuuza, kaa karibu na mwenzako unayemwamini. Mwili utatetemeka kidogo, kisha utagundua hakuna anayezungumzia ndoo yako. Mwaloni kuna jambo jipya kila asubuhi.

Huyo mwenzako unayemwamini ana umuhimu kuliko unavyodhani. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Si madaktari. Wanasikiliza, kisha wanamsaidia mtu achague tatizo moja tu kati ya yote aliyonayo na apange hatua moja ya kulishughulikia kabla ya kuonana tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kwako inaweza kuwa shangazi, jirani, mama mmoja wa kwenye kikoba. Achaguliwe kwa sifa moja, kwamba hakatishi mtu maneno na hapeleki mbele.

Mawifi nisiwafanye maadui. Utani wa wifi ni sehemu ya kuishi, na mara nyingi anayetaniwa ndiye anayependwa. Lakini una haki ya kuonyesha mpaka. Usipasuke wala usinune, chagua yule aliye mpole kati yao, mwambie mkiwa wawili: "Wifi, utani wako naupenda, ila hilo la machozi linanichoma, nitafutie jina jingine." Na siku umechoka sema wazi: "Leo sina nguvu za utani, nitanie kesho." Wengi watacheka na kukubali. Atakayeendelea baada ya hapo hatanii tena, na unaruhusiwa kuinuka ukaenda kupika.

La mume nimeliacha nyuma kwa makusudi, na hapa nataka unisome taratibu. Umeandika "akipaza sauti kidogo tu". Huenda ni hivyo kweli, mwanamume mwenye sauti kubwa na mke mwenye masikio mepesi, na dawa yake ni mazungumzo wakati wa amani, si wakati wa ugomvi: mweleze kwamba akisema jambo lilelile kwa sauti ya chini utalisikia lote, akipaza husikii chochote. Lakini nimekutana na wanawake wengi walioambiwa "una hisia kali" ili wasiseme kinachowapata. Kama kuna matusi ya kukudhalilisha, vitisho, kunyang'anywa fedha zako, kupigwa, au kuogopa mlango unapogongwa, hapo wewe si mwepesi wa kuumia, unaumizwa. Pumzi za nne kwa sita si jibu la hilo. Kuna ofisa ustawi wa jamii wa manispaa na kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, na unaweza kwenda kuuliza tu bila kufungua kesi siku hiyo.

Binti yako ana bahati kwamba mama yake anamwelewa. Wanasayansi wanaochunguza watoto wa aina hii, mmoja wao Jay Belsky, wamegundua jambo linalofaa kubandikwa ukutani kwa kila mzazi: watoto wenye kuguswa haraka huathirika zaidi na malezi ya ukali, lakini pia hunufaika zaidi na malezi ya upole kuliko watoto wengine. Akilia usimwambie "nyamaza, mbona hujapigwa". Mpe neno: "umeona aibu mwalimu alipokuita?" Mwache amalize, kisha muulize atafanya nini kesho. Usimfiche na kila gumu pia. Akiogopa kwenda dukani nenda naye mara ya kwanza, mara ya pili simama mlangoni, mara ya tatu mwache aende. Na akuone wewe ukilia na kisha ukinawa uso na kuendelea na kazi. Hilo atalijifunza kuliko maneno yangu yote.

Sasa wakati wa kutafuta msaada wa ana kwa ana. Umbile lako halina tatizo, lakini watu wa umbile lako hupata sonona na ugonjwa wa wasiwasi kwa urahisi zaidi maisha yakibana, na hayo ni magonjwa. Tofauti yake ni hii: mwenye umbile la kuguswa bado hufurahi. Akipata habari njema anachangamka, muziki wa harusi unampandisha, mtoto akimchekesha anacheka. Sonona huondoa hata hayo. Kama kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, umekuwa mzito, hakuna kinachokupa raha, usingizi na chakula vimeharibika, unajilaumu kwa kila kitu, huwezi kufuatilia hata hesabu za dagaa, nenda. Nenda pia kama ulijifungua ndani ya mwaka huu. Na waombe wapime damu: upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa vyote huleta uchovu na kilio vinavyofanana na haya.

Kama mawazo ya kufa au kujidhuru yamekujia, au unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu aliye karibu leo hii, dawa zote za nyumbani akae nazo yeye, mwende hospitali usiku huohuo. Kuzungumzia mawazo hayo hakuyapandi, kunayapunguza.

Kwa Kigoma anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa, au nenda moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, uulize huduma za afya ya akili. Najua watu wakisikia maneno hayo wanawaza hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, na mageti. Wengi kabisa wa wanaotibiwa hawalazwi hata siku moja; wanakuja, wanazungumza, wanarudi kuuza. Ukiandikiwa dawa ya sonona, kama amitriptilini au fluoksetini, ujue haifanyi kazi kwa siku tatu. Hutaka wiki mbili hadi nne ndipo uanze kuiona, haileti uraibu kama diazepamu, na haikatwi siku unapojisikia vizuri. Huendelezwa kwa miezi kadhaa baadaye kwa maelekezo ya daktari. Kama kuna anayetoa ushauri nasaha, vikao vya kuzungumza peke yake huwatosha watu wengi wenye hali isiyo kali.

Jambo la mwisho ni namna ya kusema ukifika. Wengi wakikaa mbele ya daktari huona haya, wakaanza na kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, tumbo linawaka. Wanapimwa malaria na taifodi, wanaondoka na vidonge vingine. Wewe mpe ile kalenda na kopo la diazepamu, kisha sema: "Silali vizuri, nalia kila wiki, mawazo hayaniachi, nataka kujua kama ni sonona." Akianza kuandika kipimo cha malaria kwanza, mwache aandike, usibishane naye, ukishapima, rudi umkumbushe swali lako.